Nauli za ndege Marekani hazipangwi na serikali

Kuna ndugu ameandika kwamba serikali ya Marekani ndiyo inayopanga nauli za ndege za safari za ndani. La, haipangi. Anayoyasema yalikuwa kweli hadi sheria ya mwaka 1978 iliyotiwa saini na Rais Carter; kabla ya hapo bodi ya serikali ya usafiri wa anga iliyojulikana kama CAB ndiyo iliyoamua shirika lipi liruke njia ipi na abiria atozwe kiasi gani, karibu kama LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inavyotupangia nauli za daladala hapa Dar, na bodi hiyo ilifungwa kabisa mwishoni mwa 1984. Shirika la ndege la Southwest, lililoanza kuruka ndani ya jimbo la Texas pekee mwaka 1971, lilikuwa nje ya mamlaka ya CAB kwa kuwa halikuvuka mpaka wa jimbo, ndiyo maana liliweza kuuza tiketi kwa bei ya chini. Nimefanya kazi ya kuwakatia abiria tiketi kwa wakala mmoja mjini Posta kwa miaka kadhaa, na somo hili tulilipitia katika mafunzo ya kazi.

Ila uhuru wa bei haukuleta faida ya uhakika, kwa kuwa kiti kikiruka kitupu hakiuzwi tena, na hapo mashirika hushindana kushusha bei huku mafuta, mishahara na malipo ya kukodi ndege vikibaki palepale: Braniff ilifilisika 1982, Pan Am 1991, na hata Delta iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2005. Usalama bado unasimamiwa na serikali, kupitia FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko.