Mbwa mzee anayepotea ndani ya uzio wake

SWALI: Shikamoo daktari, kamwene. Mbwa wetu Bobi aliletwa hapa kwetu Makambako akiwa mdogo, mwaka ambao mwanangu wa kwanza alianza chekechea. Sasa mwanangu huyo yuko chuo. Tangu masika ya mwaka jana Bobi amebadilika kidogo kidogo. Anasimama kwenye pembe ya banda la kuni, uso umeelekea mabanzi, mpaka niende kumgeuza. Akitaka kutoka, anasubiri upande wa bawaba za geti badala ya upande unaofunguka. Mchana kutwa amelala, usiku anazunguka na kubweka. Juzi alimkoromea mtoto wa jirani aliyezoeana naye. Wapo wanaosema ni kichaa, wapo wanaosema amerogwa. Mume wangu anataka tumwekee sumu. Nifanyeje?
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mama, kamwene. Nianze na kichaa, maana hofu ya majirani hapo ni ya haki. Kichaa cha mbwa hakikai mwaka. Mbwa akishaanza kuonyesha dalili zake hufa upesi, kwa kawaida ndani ya siku 10. Bobi amebadilika polepole tangu masika ya mwaka jana, na bado anakula na kuitika. Hata hivyo chanjo yake ya kila mwaka isikatike. Ukiona badiliko la ghafla, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, anauma chochote, msimguse. Mfungieni na mwiteni afisa mifugo. Na akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Uliyoyaeleza, hasa hilo la bawaba, ndiyo maelezo ninayoyasikia kwa wenye mbwa wazee. Ubongo wake unachakaa. Kwenye ubongo wa mbwa mzee hujikusanya protini iitwayo amiloidi, ileile inayoonekana kwa watu wenye ugonjwa wa Alzheimer, na seli za ubongo hupungua. Ramani ya nyumbani inafutika, na saa ya kulala na kuamka inavurugika. Hajarogwa, wala hafanyi ukaidi. Kumchapa kwa sababu amekojoa barazani ni kumwongezea woga juu ya kuchanganyikiwa, na naomba watoto waelezwe hivyo.

Lakini kabla hatujaubebesha uzee kila kitu, apimwe. Mbwa anayemkoromea mtoto huenda hakumsikia akija, au ana mtoto wa jicho, au kiuno kinamuuma akiguswa. Anayekojoa ovyo na kunywa maji mengi huenda ana shida ya figo, kisukari, au maambukizi ya kibofu. Hayo mengine yanatibika. Maumivu yake msiyatibu kwa diklofenaki, ibuprofeni wala panadoli za nyumbani. Dawa hizo huweza kuharibu tumbo, figo au ini la mbwa.

Sasa usiku, ambao najua ndio unaowamaliza. Mchana msimwache alale tangu asubuhi hadi jioni. Mtembezeni taratibu, asubuhi na tena alasiri jua likiwapo, njia ileile kila siku. Chakula cha jioni kiwe mapema, akojoe kabla hamjafunga mlango. Kisha apate pa kulala pakavu, karibu na nyumba, penye maranda makavu mengi na gunia juu yake. Baridi ya Makambako ya Juni na Julai inaumiza viungo vya mbwa mzee, na anayeumwa halali. Taa ndogo ikiwaka hapo, wengi hutulia. Akibweka, msimjibu kwa kelele. Mwendee, mguse begani akiwa amekwisha kukuona, mrudishe.

Bakuli, maji na kitanda visihamishwe. Ile pembe ya banda izibeni kwa ubao. Mnyororo siupendi kabisa kwa mbwa wa namna hii, kwa sababu anazunguka mpaka anajinyonga. Uzio mzuri unatosha. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao. Ugali wake muwekee dagaa waliochemshwa bila chumvi, au yai, na vitunguu msitie kamwe.

Ipo dawa, selejilini, iliyoruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu wa mbwa mwaka 1998. Haiponyi, ila baadhi ya mbwa hupata nafuu. Daktari akiwapatia, mwambieni mnaogesha kwa dawa gani ya kupe: yenye amitrazi haichanganywi nayo.

Kuhusu sumu, mwambie baba nakataa. Ni kifo cha maumivu makali, na huua pia mbwa wa jirani au mtoto atakayeokota. Ikifika siku Bobi hali, hatulii usiku wala mchana, na hawajui tena, daktari wa mifugo ana sindano inayomlaza asisikie kitu. Kwa barua yako, hamjafika huko. Mpelekeni wiki hii na kadi ya chanjo, mkojo wake wa asubuhi kwenye chupa safi, na karatasi uliyoandika saa anazobweka na kiasi cha maji anachokunywa.