Pu'er mbichi ya mlima Bulang: uchungu wake na asili yake

Mkuu, umeuliza kama keki ya pu'er (chai ya mkoa wa Yunnan iliyogandamizwa) uliyoletewa kutoka China imeharibika, maana uliichemsha kwenye sufuria ikatoka chungu kama mwarobaini, na wala si nyeusi kama zile za kwenye picha. Haijaharibika. Karatasi imeandikwa Bulang, na hiyo ni pu'er mbichi. Aliyekuletea amekuanzishia pagumu, ila amekuletea kitu cha maana.

Ile nyeusi ni ya kuvundikwa: majani yanalundikwa, yanalowanishwa na kufunikwa kwa wiki kadhaa mpaka yageuke. Kiwanda cha chai cha Kunming, mji mkuu wa Yunnan, kilianza njia hiyo mwaka 1973, ili chai ipate ukomavu bila kungojewa miaka. Mbichi haiharakishwi, inaachwa izeeke yenyewe.

Nilisoma Kunming, na likizo nilikuwa nashuka Menghai, kusini kabisa mwa mkoa wa Yunnan karibu na mpaka wa Myanmar. Milima ya Bulang iko huko, na wenyeji wake ni Wabulang, Wahani na Walahu. Michai yao mikongwe si ile ya Kericho au Mufindi inayokatwa usawa wa kiuno, ingawa ukoo ni uleule wa assamica wenye jani pana. Ni miti kweli, imesimama ndani ya msitu, na wachumaji wanaikwea.

Majani yakinyauka kidogo hukaangwa makavu kwenye karai kubwa la chuma lililoinamishwa juu ya moto wa kuni. Nilisimama karibu na mama mmoja wa Kihani aliyevaa glavu nene: anayainua majani, anayatikisa mvuke utoke, anayarudisha, mikono haitulii. Akizubaa kidogo tu ncha zinaungua, na karai zima linanuka moshi. Kisha yanafikichwa na kuanikwa juani kwenye mikeka. Jua ndilo linaloitenga pu'er na chai ya kijani ya kawaida. Joto kali la mashine lingeua karibu vimeng'enya vyote, lakini jua linabakiza kiasi, na vijidudu navyo vinapata pa kuishi. Ndiyo maana keki inaendelea kubadilika kabatini kwako.

Sasa uchungu. Bulang nzuri inakupiga ulimi papo hapo, halafu uchungu unaachia na utamu unapanda kutoka kooni ukiwa umeshameza. Pima hapo. Uchungu ukigoma kuondoka, chai ni duni au umeiandaa vibaya. Mimi naipenda kuliko zote kwa nguvu hiyo. Anayetaka upole atafute pu'er ya Yiwu, mashariki ya mto Mekong, laini yenye ladha ya asali. Ile ya mlima Jingmai inanukia maua, na misitu yake ya chai iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023.

Usiichemshe tena, na maziwa weka pembeni. Weka gramu 6 kwenye kibakuli cha mililita 100, mimina maji yanayotokota, yamwage hayo ya kwanza. Mimina tena, hesabu sekunde tano, chuja unywe. Majani hayohayo yatakupa vikombe hata kumi, na kila kimoja kina tabia yake. Kama uko pwani ichunguze mara kwa mara isiote ukungu, na usiiweke karibu na iliki wala karafuu, inanyonya harufu vibaya sana.

Kuna mchangiaji amesema huenda ni Lao Banzhang. Sidhani. Hicho ni kijiji kimoja tu cha Bulang, mavuno yake ya miti mikongwe ni machache na bei yake haishikiki, kwa hiyo karatasi zenye jina hilo ni nyingi kuliko chai yenyewe. Iliyoandikwa Bulang tu naiamini zaidi. Ukishaiandaa, tandaza majani kwenye sahani nyeupe utupie picha hapa. Yakiwa mazima, manene na hayachaniki ovyo ukiyasugua, umepata chai nzuri.