Usipogolee mti kabla hujajua tunda hutokea wapi

Mkuu, unasema uliukata mwembe kichwa chote msimu wa maua ukikaribia, haukuzaa hata embe moja, na sasa umejaa maotea yaliyosimama wima. Unauliza kama uyafyeke yote. Usiyafyeke. Nimepogolea miti yangu na ya majirani kwa miaka mingi, na kesi ya namna hii ndiyo ninayoitiwa kuliko nyingine zote.

Jicho lililo kwenye ncha ya tawi hutengeneza homoni ya auksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukiiondoa ncha, umeondoa breki. Mizizi haijapungua na akiba ya chakula shinani bado ipo, kwa hiyo macho yaliyokuwa yamelala yanaamka kwa pamoja na mti unahangaika kurudisha majani uliyouondolea. Ukiyafyeka yote tena, utaletewa mengine, pengine mengi zaidi.

Kuhusu kutozaa, mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ulipokata, maua ulikwenda nayo, na chipukizi jipya linahitaji miezi kadhaa kukomaa kabla halijachanua. Ndiyo maana mwembe hupogolewa mara tu baada ya kuvuna. Miti mingine ina taratibu zake: mpichi huzaa kwenye matawi yaliyoota mwaka uliotangulia, mtufaha huzaa zaidi kwenye vijitawi vifupi vinene vinavyodumu miaka, ambavyo mgeni wa kazi huviona takataka na kuvisafisha vyote. Mpera huzaa kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo huo unasamehe mengi. Ukikutana na mtu anayesema miti yote hupogolewa kwa namna moja, msikilize kwa adabu kisha endelea na shughuli zako.

Kwa mwembe wako, chagua maotea machache yenye afya, yanayoelekea nje na yaliyoachana nafasi. Hayo yatakuwa matawi. Mengine yaondoe kuanzia yanapotokea, usiyakate nusu, na uifanye kazi hiyo kwa awamu. Mimi sizidishi robo ya majani ya mti kwa mwaka. Mparachichi ndio wa kuonea huruma zaidi, kwa sababu gome lililozoea kivuli likifunuliwa ghafla huungua na jua. Matawi yaliyobaki wazi hupakwa rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Tuje kwenye picha zako. Upande mmoja umeacha visiki, upande mwingine umekata hadi kulingana na shina. Angalia tawi linapoungana na shina, kuna uvimbe kama pete. Kata nje kidogo ya huo uvimbe, usiuguse. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua magogo mengi kuchunguza jambo hili, akaonyesha kwamba mti hauoteshi upya sehemu iliyojeruhiwa. Unajenga kuta za kuuzuia uozo usisambae, kisha tabaka jipya la mti linafunika juu. Ukikata uvimbe umevunja sehemu ya ulinzi huo, na kisiki nacho huoza kikauingiza ugonjwa ndani. Lami uliyoshauriwa kupaka haizuii uozo, iache.

Tawi zito usilikate kwa mkato mmoja, litashuka na gome la shina. Anza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, hadi karibu nusu ya unene. Kata kwa juu mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke, ndipo umalizie kisiki karibu na uvimbe. Na tafadhali, msumeno. Najua wenye mapanga watanijia juu hapa, lakini panga huchana, na jeraha lililochanika huchelewa kuziba.

Mchungwa wako kwenye picha ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Lile chipukizi lenye miiba mirefu na majani ya vipande vitatu vitatu linatoka chini ya mahali mche ulipobebeshwa, yaani ni la shina mama, ule mti wa chini uliobebeshwa mchungwa, si la chungwa ulilonunua. Lingoe leo kuanzia linapotokea. Ukiliacha litaupita mchungwa wenyewe kwa nguvu na kuudhoofisha, na miaka michache ijayo utakuwa unavuna vijitunda vichungu vyenye mbegu tele.