Fundi Anajibu: Bampa la Kijivu Usilipige Grenda

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu baba aliniachia Land Rover Series III, 109 (ile ndefu), ya mwaka 1974. Imekaa miaka mingi chini ya mwembe hapa Kirumba. Bampa la mbele limefifia, na pembe moja ina kutu nyekundu. Fundi mmoja anataka kulipiga grenda ling'ae, kisha alipake silva. Mwingine anasema liwekwe kromu. Mimi nataka liwe kama lilivyotoka kiwandani. Na bolti zilizoota kutu je? – Msomaji, Kirumba.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Kwanza kabisa, mwambie huyo wa grenda aizime.

Bampa hilo halikuwa la kromu wala silva. Lilichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi kama 450, likatoka na ngozi ya kijivu, ile ile ya bati la nyumba na ndoo ya bati. Likiwa jipya humeta, miaka ikipita hufifia kama mabati makuukuu. Kufifia huko si uchafu. Ni zinki imekutana na hewa na unyevu ikajifunika, na ndiyo iliyolinda chuma cha baba yako miaka yote hiyo. Hata bampa likikwaruzika, zinki ya kando huliwa kwanza na chuma kikasalimika. Silva ya kopo haina uwezo huo.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 1996 niliharibu bampa la mteja wangu wa Sengerema. Nilikuwa nimezoea kutoa kutu kwenye nati kwa maji ya betri, yaani asidi, nikaona nilichovye bampa zima. Likatoa povu, nikafurahi nikidhani kutu inatoka. Kumbe kilichokuwa kinaliwa ni zinki. Jioni lilikuwa safi, linavutia. Mvua za vuli hazijaisha, lilishakuwa jekundu kote. Fedha yake nilimrudishia, ngozi ile ya kiwandani sikuweza. Kwa hiyo siki, ndimu na molasi, vyenye asidi pia, navyo viweke mbali na bampa lako.

Lifungue, ulioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ya nyuzi, si ya waya. Ukikuta unga mweupe nyuma ya kibao cha namba, hiyo ni kutu ya zinki iliyokaa na maji. Sugua taratibu, kausha. Pembe yenye kutu nyekundu ipige msasa namba 120 kwa mkono, uishie pale wekundu unapoishia. Futa kwa tina ya rangi, kisha paka mara mbili rangi yenye unga mwingi wa zinki, ile wanayopaka mafundi wa mageti juu ya viungo walivyochomelea kwenye mabomba ya zinki. Kiraka kitaonekana kidogo. Kiache.

Mtu akitaka kuchomelea hapo, aondoe kwanza zinki ya sehemu hiyo tu na afanyie kazi nje. Moshi wa zinki huleta homa kali usiku, nimeiona kwa vijana wangu. Na usilifunge bampa kwa nailoni: huku kwetu ziwani umande wa alfajiri hujifungia ndani na unga mweupe unarudi.

Bolti ndogo za bodi zilipakwa zinki kwa umeme, nyembamba sana, na kwako naona imeshaisha. Hizo zilaze kwenye siki usiku mmoja, zisuuze, zikaushe hapo hapo, kisha zipakwe upya. Ila za usukani na za springi, pamoja na springi zenyewe, usizitie kwenye asidi yoyote. Asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kikaja kukatika ghafla barabarani. Bolti za namna hiyo zikiliwa na kutu, nunua mpya.