Diski ya Linux ni ya bure, lakini je, ni ile ile?

SWALI: Jambo mkubwa. Mimi ni kijana wa Katuba. Parokiani tuna mashini kumi, kompyuta za okazio zilizotoka Ubelgiji. Nimechoma diski za Debian 12, aina moja ya Linux, sistemu ya bure ya kuendesha kompyuta, kutoka kwenye faili aliyonipa rafiki wa chuo kikuu, na sasa vijana wa mtaa wanaziomba. Shemeji yangu anasema huo ni wizi, hauna tofauti na wa wale wanaouza Windows sokoni. Nikiomba faranga 3000 kwa diski, nimevunja sheria? Tena, kati ya mashini kumi, tatu zimekataa kuwaka na diski. Tatizo liko wapi?

JIBU: Mdogo wangu, la faranga nitalimaliza upesi kwa sababu ndilo jepesi. Ruhusa unayo. Debian wenyewe hawauzi diski, lakini wanaweka hadharani orodha ya wauzaji wa nchi mbalimbali, na hawamdai muuzaji hata senti. Leseni ya GPL, inayolinda kiini cha Linux, inasema wazi kwamba unaweza kulipisha kazi ya kunakili. Sheria ya hakimiliki ya nchi yetu, ile Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inampa mtunzi haki ya kuamua nani anakili kazi yake. Hapa watunzi wameshaamua: nakili, gawa, uza ukitaka. Shemeji amechanganya bei na ruhusa. Kuna kitu hukukilipia na bado kikawa cha wizi. Kingine kinauzwa na ni halali kabisa.

Sharti moja tu, ambalo wachomaji wengi wanaliruka. Ukiuza, mnunuzi ana haki ya kupata msimbo chanzo wa programu ulizompa, yaani maandishi ya watunzi ambamo programu inatengenezwa. Si lazima umrundikie diski nyingine. GPL ya toleo la 2, ya mwaka 1991, inakubali umpe ahadi ya maandishi, ya miaka 3 angalau, kwamba akiuomba utamchomea kwa gharama ya kunakili tu. Karatasi ndogo ndani ya ganda inatosha. Mimi tangu nianze kazi hii hapa Lubumbashi aliyeniomba msimbo ni mmoja, naye alikuwa mwanafunzi anayeandika TFC yake, kazi ya kumaliza masomo. Lakini umeahidi, kwa hiyo siku ukipata intaneti nzuri pakua na faili za msimbo uziweke.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, sipitishi wiki bila mtu kuniwekea mashini mezani na maneno yale yale: «Mkubwa, weka yoyote ya bure, Linux ao kraki, ni mamoja.» Si mamoja! Kraki ni programu ya kulipiwa iliyovunjwa leseni ili itumike bila kulipa. Anayesema hivyo anahesabu mfuko wake tu: hapa sikulipa, pale sikulipa. Na shemeji yako anahesabu hivyo hivyo, ila yeye kwa upande wa dhambi. Wote wawili hawaulizi swali lenye hatari ndani yake, na wewe pia hukuliuliza: diski uliyoichoma ni ile ile waliyoitoa Debian?

Rafiki alikupa faili kwenye fleshi. Yeye aliitoa wapi? Kwa nani, lini, imepita kwenye mashini ngapi zenye virusi kabla ya kufika kwako?

Kila faili ya ISO ya Debian, yaani picha nzima ya diski ndani ya faili moja, inatoka na alama yake ya kidole, mstari wa herufi na tarakimu 64 unaoitwa SHA-256. Badilisha biti moja tu ndani ya gigabaiti zote zile, mstari mzima unageuka. Kwenye Linux unafungua dirisha la amri, unaandika sha256sum, nafasi, kisha jina la faili. Kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Mashini inafikiri kidogo, muda wa kumalizia kikombe cha chai, inakutolea mstari. Unaulinganisha na ule ulio kwenye tovuti ya Debian, wote, mpaka herufi ya mwisho. Nimemwona kijana akilinganisha tarakimu nne za mwanzo na kufunga kazi kwa sababu anawahi mechi ya Mazembe. Huyo hajapima kitu.

Na huo mstari wa kulinganisha usiuchukue mahali ulipoichukua faili. Rafiki akikupa ISO na kijifaili cha alama ndani ya fleshi moja, bado uko pale pale, maana aliyeichezea ISO alikuwa na nafasi ya kuandika alama mpya pia. Fungua ukurasa wa Debian kwenye simu yako. Mega zinazoliwa hapo ni chache kuliko za picha moja ya WhatsApp. Anayejua kutumia GPG, programu ya kupima sahihi za kidijitali, aende mbali zaidi, apime na sahihi iliyo kwenye faili ya SHA256SUMS.sign.

Msiseme ni woga wa wazee. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, Linux ya aina nyingine, wakageuza kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon, na watu wakapakua ISO yenye mlango wa nyuma, njia ya siri ya kumwingiza mgeni ndani ya mashini. Programu ya halali, ya watu waaminifu, kutoka kwenye tovuti yao wenyewe, na bado iliyofika haikuwa ile ile. Mint walipotangaza habari hiyo, waliwapa watu alama za faili safi na kuwaambia wapime za kwao. Basi fikiria mmoja wa waliopakua siku ile angekuwa ndiye mchomaji wa mtaa, mwenye diski arobaini za kugawa Jumapili baada ya misa.

Geuka sasa uitazame diski ya kraki. Alama yake utailinganisha na nini? Microsoft hawakuitoa hivyo. Aliyeivunja hana jina wala anwani, na hata yule anayekuuzia pale sokoni hajui kilichomo. Naye aliipata kwa mwenzake. Hicho kivunja leseni kinaanza kwa kukuomba uzime antivirusi, kisha ukipe mamlaka yote ya mashini. Mgeni akifika usiku akakuomba umfunge mbwa na umkabidhi funguo za vyumba vyote, utamkubalia kwa sababu hakukudai kodi?

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la fotokopi, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, aliniletea mashini aliyosema «imechoka». Fundi wa kupita alikuwa amemwekea sistemu na kumwachia diski yake: ganda la rangi, kibandiko kinachong'aa cha kuchapwa kwa printa, neno Original kwa herufi kubwa. Nikafungua orodha ya watumiaji. Jina la mama. Jina la mwanawe. La tatu, admin2, lenye mamlaka yote. «Mama, huyu ni nani?» Hamjui. Kwenye programu zinazoamka pamoja na mashini nikakuta moja ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, ikoni yake imefichwa. Mnajua watu wanapeleka nini kwenye fotokopi: kadi ya mpiga kura, diploma, hati ya kiwanja. Vyote hivyo alikuwa ameviskani na kuviweka kwenye folda moja, majina kamili, miaka miwili. Mama hakuuliza tena kwa nini mashini imechoka. Aliuliza watu wangapi wameiona folda ile, na mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Diski ile, kwa taarifa ya wale wa «ni mamoja», aliinunua kwa fedha. Haikuwa hata ya bure.

Na msidhani nawasema wauza kraki peke yao. Wenzetu wa Linux nao wana ugonjwa wao, unaitwa zawadi. Kijana anachoma Debian safi, halafu anaona haya kuuza diski «tupu», basi anaijaza: Office iliyovunjwa, antivirusi iliyovunjwa, michezo, nyimbo za Kinshasa. Papo hapo diski yake inapoteza vitu viwili. Ruhusa, kwa sababu sasa imebeba mali ya watu wasioruhusu. Na alama, kwa sababu haitafanana tena na chochote kilichoandikwa popote. Wengine wanaibadilisha Ubuntu, Linux nyingine, kwa ndani, wanaweka picha zao na programu zao, na bado wanaiita Ubuntu. Msimbo unaweza kuubadilisha, jina hapana. Canonical, wenye jina hilo, wanakuacha ugawe nakala isiyoguswa, lakini ukishaigusa uwaombe idhini ao ulivue jina na nembo zao.

Diski yangu ya kwanza ya Ubuntu niliiona kwa rafiki aliyerudi kutoka Afrika Kusini: bahasha ya karatasi, diski mbili, moja ya kuweka sistemu na nyingine ya kuijaribu bila kugusa kitu. Canonical walikuwa wakizituma bure dunia nzima kwa posta, mpango ulioitwa ShipIt, mpaka walipoufunga mwaka 2011. Bahasha ile ilizunguka mikono mingi hapa mjini, na hakuna aliyeongeza kitu ndani. Siku hizo sistemu nzima iliingia kwenye CD ya megabaiti 700. Leo Ubuntu 24.04 imepita gigabaiti 5, haiingii hata kwenye DVD ya kawaida ya 4.7, ukimwona mtu anaiuza kwenye DVD moja ya kawaida, muulize ameikata wapi. Debian umechagua vizuri: picha ya DVD ya kwanza inaingia, na ina mazingira ya kazi kamili kwa asiye na intaneti. Huyo akitaka programu zaidi baadaye, ataiongeza diski kwenye orodha ya vyanzo kwa apt-cdrom add, bila kula mega hata moja.

Mashini zako tatu. Hukuniambia kama ni diski moja iliyozunguka kumi zote ao kila mashini ilipewa yake, na hapo ndipo jibu lilipo. Chukua diski iliyowasha mojawapo ya zile saba, iingize kwenye hizo tatu.

Ikiwaka, tatu zile zilipewa diski mbovu. Irudishe kila moja kwenye mashini yenye faili yako na uandike, kwenye Linux, cmp, jina la ISO, kisha /dev/sr0, ambalo ni jina la kisomeo cha diski. Ikikuambia imefika mwisho wa ISO bila kutaja tofauti, diski ni nzima. Ikitaja baiti iliyotofautiana, tupa, usiionee huruma. Ukichoma upya, punguza mwendo, mara 4 ao mara 8. Diski za bei ya chini zikichomwa kwa kasi zote zinakosea katikati. Na usiziache dirishani. Jua letu la Oktoba linazimaliza, na vumbi jekundu la kiangazi linamaliza lenzi ya kisomeo.

Isipowaka, tatizo ni la mashini. Soma maandishi kwenye kioo. Yakisema kiini kinahitaji prosesa ya x86-64 lakini kimekuta i686, mashini ni ya biti 32 na wewe umechoma ya biti 64. Debian 12 ina picha ya biti 32, ichome hiyo, na usikimbilie Debian 13 ya mwaka 2025 kwa mashini hizo, maana haina tena kisakinishi cha biti 32. Isipoandika chochote na kurudi kwenye Windows, huenda hujaiambia ianze na diski: Dell ni F12 inapowaka, HP ni F9. Na angalia mdomo wa kisomeo. Mashini za zamani nyingine zinasoma CD tu, na wewe umeipa DVD. Hiyo utaiwekea kwa fleshi kama inakubali.

Kwa kuwa zimetoka Ubelgiji, jambo moja litakalokupotezea usiku mzima: kisakinishi kikikuuliza kibodi, chagua ya Ubelgiji, siyo ya Ufaransa. Zote ni AZERTY, lakini alama ya @ ya Ubelgiji iko AltGr na 2, ya Ufaransa iko AltGr na 0. Mtu akiweka neno la siri lenye @ kwa kibodi moja na kuliandika kesho kwa nyingine, atakuja kukuambia Linux yako imemfungia mlango. Ukishazipima tatu hizo niandikie tena, na maneno ya kwenye kioo uyanakili yalivyo, hata kama huyaelewi.