Jibu: .223 au .243 kwa swala na mbweha?
Ndugu, umeuliza kama risasi ya bunduki aina ya .223 Remington itatosha swala pala kule Mburo, Uganda, pamoja na mbweha wanaoiba kuku. Kwa mbweha inatosha kabisa, tena bunduki yake haikupigi bega kwa nguvu. Swala ndiye anayenitia wasiwasi: kichwa cha hiyo .223, yaani kile kipande kinachoruka, huwa na gramu 3.6 hivi, na vingi hupasuka mapema, vikaishia kwenye bega la mnyama bila kufika mapafuni. Utashinda vichakani ukifuata damu hadi giza liingie. Mimi ningechukua .243 Winchester, yaani ganda la risasi nene zaidi, .308, lililobanwa shingo lishike kichwa chembamba; .243 ipo tangu 1955. Kichwa cha gramu 6.5 kwa swala, cha 3.8 kwa mbweha, bunduki ileile. Ila ukibadilisha uzito wa kichwa, rekebisha upya darubini ya kulengea. Risasi za uzito tofauti hazitui mahali pamoja. Na kibali cha UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda) kwanza, hata kwa mbweha.