Bosi Ameshatangaza Tarehe ya Kuhamia Mfumo Mpya? Soma Kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, mkurugenzi katangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba tarehe mosi mfumo wa zamani unazimwa. Data bado hatujazihakiki. Nifanyeje?" Nilivyosoma, damu ikanichemka upya, maana hayo yamenikuta.

Nilikuwa mtu wa IT kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Mfumo wetu wa stoo ulikuwa mkongwe, seva yake chini ya meza ya mhasibu, lakini biashara yetu uliijua. Leseni ilikuwa inaisha Desemba, na bosi akaona kulipia tena ni kutupa hela. Akanunua mfumo wa mtandaoni, akaamuru tuhame usiku wa kufunga mwaka, kila kitu kwa mkupuo. Nikaomba mifumo yote miwili iende sambamba walau mwezi. Nikaambiwa kikaoni kwamba mimi kazi yangu kurudisha watu nyuma, wauza mfumo wakichekelea. Sijasahau.

Kilichotuumbua ni misumari. Kwenye mfumo wa zamani iliingia kwa katoni ikatoka kwa kilo, na hesabu inajigeuza yenyewe. Mfumo mpya ukachukua idadi ya katoni ukaisoma kama kilo. Siku ya kwanza ya kazi, hata mchana haujafika, skrini inasema misumari imekwisha, na godauni limejaa hadi mlangoni! Ankara haitoki. Nje fuso za wateja zimepanga foleni, utingo wamejilaza juu ya mabati. Mzee wetu wa stoo hakubishana na mtu. Alifungua kabati, akatoa kaunta buku na peni, akaanza kuandika mzigo kama enzi zile. Tukaja kulinganisha kaunta buku hiyo na risiti za EFD, ile mashine ya kodi, mstari kwa mstari, mpaka macho yakauma.

Barua pepe yangu ya Novemba, niliyotaja habari ya vipimo waziwazi, ilisomwa tena kikaoni. Hakuna aliyeniomba radhi. Ila safari hii hakuna aliyecheka pia.

Na msidhani ni ushamba wetu. Benki ya TSB ya Uingereza, baada ya kununuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania mwaka 2015, ilitaka kuachana na mfumo wa kompyuta wa benki ya Lloyds iliokuwa ikiulipia. Aprili 2018 wakahamisha wateja milioni 5 na ushee, karibu wote wikiendi moja. Wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mkurugenzi mkuu akaondoka Septemba mwaka huohuo, na mwaka 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Sasa sikiliza wewe wa IT: mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wao wa teknolojia alitozwa faini yeye binafsi, pauni 81,620, kwa kutohakikisha vya kutosha kwamba mtoa huduma wa mfumo mpya yuko tayari. Na huyo mtoa huduma alikuwa kampuni ya Sabadell wenyewe! Kwa hiyo barua ya muuzaji inayosema "tuko tayari" haikukingi na kitu.

Wakurugenzi mnaonisoma, tarehe mnaipanga kwa kuangalia leseni, halafu majaribio yanabanwa yaingie humo. Huo ni uamuzi wa biashara, mna haki nao, lakini muusaini wenyewe. Msimwachie kijana wa IT aje kuubeba siku mambo yakiharibika.

Mdogo wangu, andika. Mweleze bosi kwa maandishi kipi hakijahakikiwa na kikiharibika mauzo yatasimamaje, halafu uombe jibu la maandishi. Omba leseni ya zamani iongezwe hata mwezi mmoja, ukiweka gharama yake pembeni ya mauzo ya siku moja. Bosi lugha hiyo anaielewa. Bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, usiiamini mpaka uirudishe kwenye kompyuta nyingine uone inafunguka. Na kabla ya tarehe mosi, kaa na mtunza stoo mchague bidhaa zote zinazonunuliwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa kingine: misumari, nyaya, rangi, nondo. Mzihesabu kwa mkono, kisha ufungue mfumo mpya ukiwa naye hapohapo, asome skrini mwenyewe.